Spika ya Kibuyu cha Mama

Alhamisi, tarehe 18 Novemba. Rasharasha tangu alfajiri, jua dogo saa nne, kisha mawingu tena. Nasema tangu alfajiri kwa sababu Neema, mjukuu wangu, ndiye aliyeniambia. Mimi nilipofungua mlango nilikuta uwanja umekwisha kulowa.

Jana tulimaliza kugawana vitu vya mama. Havikuwa vingi. Dada yangu Perusi alichukua vitenge na sufuria kubwa, na ni haki yake, ndiye aliyemwuguza. Nilipoulizwa mimi nataka nini, nikasema kile kipande cha kibuyu kilichokuwa kikining'inia kichwani pa kitanda chake.

"Kipande?" Perusi akasema. "Watu watasema nimekudhulumu."

"Waseme."

"Chukua na kiti basi, mdogo wangu. Usinitie aibu."

Sikuchukua kiti. Leo asubuhi nimekitoa kile kipande kwenye mfuko nikakinusa kwa ndani. Kina harufu ya moshi, ya siagi ya zamani sana, na kwa mbali, mpaka usogeze pua kabisa, solusheni ya kuzibia viraka vya baiskeli. Nikachukua daftari.

Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na daftari hili ni la kuandika mvua na chakula tu, tabia ambayo sikuianzisha mimi. Nitajitahidi kusema kweli. Lakini nilikuwa na miaka minane au tisa, na mtoto wa umri huo huona magoti ya watu kuliko nyuso zao. Palipo na shaka nitasema pana shaka.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, njia ya kwenda Kibondo ukitoka Kasulu, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mahindi. Baba alikuwa fundi baiskeli. Alifungua pia redio za watu, na mara nyingi, tumpe haki yake, alizirudisha zikiwa zinaimba. Mama alitoka Munanila, kule karibu na mpaka, kwa watu wenye ng'ombe. Alipoolewa alikuja na igisabo, yaani kibuyu cha kusukia maziwa, alichopewa na mama yake. Kwetu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hata hivyo kila Jumamosi alikishusha, akakifukiza moshi, akakipaka mafuta, akakirudisha kwenye kamba yake ukutani. Hakumwazima mtu. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa, na kikiwa chini tulikatazwa kukiruka. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Nilifikiri ni kitu kilichozeeka ambacho mama anakionea huruma, kama mbwa asiyebweka tena.

Mama hakusikia vizuri. Hakuwa kiziwi kabisa. Ukimwita kwa sauti nene kutoka shamba la pili aligeuka. Ila ukimsemesha kwa karibu, kwa sauti ya kawaida, alikutazama mdomo, akatabasamu, kisha akaenda kufanya jambo jingine kabisa.

Mimi nilikuwa na masikio makali kupita kiasi. Nilisikia panya darini. Nilisikia baiskeli ya baba kabla haijapita kanisani. Watu walinisifu, "Huyu ana masikio ya watu wawili." Halafu siku moja shangazi, dada yake baba, alikuwa akichambua maharage na jirani, akasema, "Masikio ya wifi yalikwenda siku zile zile alizomzaa huyu."

Basi. Nikajumlisha. Mtoto hakosei hesabu, hukosea namba alizopewa. Masikio ya mama yalikwenda nilipozaliwa, na mimi ninayo ya watu wawili. Kumbe niliyachukua mle tumboni nikatoka nayo, kama mwizi anayetokea dirishani. Sikumwambia mtu. Nilianza kuziba sikio moja kwa pamba kila nikiwa karibu na mama, nikidhani labda likikaa bila kazi litarudi kwake lenyewe. Kila asubuhi nilimtazama. Halikurudi.

Alasiri mbili kwa wiki, sisi wanafunzi tukishatoka, watu wazima waliingia darasani mwetu na kukaa kwenye madawati yetu, magoti yamewafika kifuani. Walijifunza kusoma na kuandika, na kabla ya hapo walisikiliza masomo ya redio, habari za maji safi na vyakula vya kujenga mwili. Redio ilikuwa ya kijiji, ndogo, ikiwekwa juu ya meza ya mwalimu. Wanaume walikaa mbele. Wanawake walikaa nyuma, na mama alikaa dawati la mwisho. Sisi watoto tulichungulia dirishani.

Mama alikuwa akilipenda darasa lile. Alikuwa na daftari alilolifunika kwa karatasi ya kaki, na penseli aliyoichonga kwa kisu cha muhogo. Lakini yule mtu wa redio akifanya mzaha, watu wote walicheka, na mama akacheka baada yao. Nilikuwa nikihesabu pale dirishani. Watu wacheke, moja, mbili, ndipo mama.

Siku yenyewe, somo lilikuwa limekwisha na redio imeachwa ikiendelea. Kuku akaingia darasani, akaanza kuidonoa kamba ya kiatu cha mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa amesinzia. Wanawake wawili wa mbele ya mama wakajikaza, mabega yakiwatikisika. Mama akaona mabega. Akadhani redio imesema jambo la kuchekesha, na kwa mara ya kwanza, nadhani, akaamua asichelewe. Alicheka kwa sauti, kicheko chake kizuri kile chenye kifua.

Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Marehemu aliyekuwa akitajwa ni wa Kibondo, na ndugu yake, Mzee Lameki, alikuwa amekaa palepale dawati la pili, ndiyo kwanza anapata habari.

Darasa zima liligeuka. Mama aliendelea kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Mtu mmoja akaanza kusema maneno makali, na Mzee Lameki akamzuia kwa mkono. "Mwacheni," alisema. "Hasikii." Alisema kwa wema kabisa. Lakini mama alimwona midomo, na neno hilo, katika maneno yote, alilipata.

Hakurudi darasani. Daftari la kaki likaingia chini ya godoro. Kisha akaacha kwenda kisimani wakati wenzake wanakwenda, kwa sababu kulikuwa na mwanamke mmoja, simtaji, naye ameshatangulia, aliyemwambia mbele za watu, "Mama Perusi, kwa jirani kuna msiba, twende ukatuchekeshe." Jumapili mbili hakwenda kanisani. Alianza kuzungumza kidogo, halafu kidogo zaidi. Nami nilimwona akiingia ndani ya ukimya ule kama mtu anayeingia mtoni, na nilijua mkosaji ni nani.

Baba hakuwa mtu wa maneno ya kubembeleza. Alianza kumpima. Alikaa nyuma yake akidai anatengeneza gurudumu, akapiga debe, du! Mama akageuka. Akapiga kengele ya baiskeli, ile ya kulia kring-kring. Mama hakugeuka. Akarudia karibu zaidi. Mama akaendelea kumenya muhogo. Baba akaweka kengele chini polepole sana.

Siku hiyo Mwalimu Shabani alipita kuchukua baiskeli yake. Alikuwa mtu wa Tanga, ndiye aliyewafundisha watu wazima, na alipenda kututania kuhusu Kiswahili chetu.

"Fundi," alisema, "mbona leo huzungumzi? Umeishiwa na Kiswahili?"

"Mwalimu, sauti ya mtu ina ngoma na ina kengele," baba akasema. "Sivyo?"

"Una maana gani?"

"Ile inayounguruma chini, na ile inayokatakata juu. Ndiyo inakuambia huyu amesema hiki, hakusema kile. Mke wangu anapata ngoma tupu. Kengele hazimfikii."

Mwalimu Shabani akakaa juu ya kasha. Hawakunifukuza. Alieleza mambo ya sauti aliyosoma chuoni, mengine nadhani alikuwa akiyabahatisha, lakini mwishoni walikubaliana. Redio ya kijiji ilikuwa na spika moja, na zile kengele zake hazifiki nyuma. Hutoka kama mwanga wa kibatari, zikatawanyika ovyo. Zinahitaji mdomo wa kuzikusanya na kuzielekeza mahali pamoja.

"Kama kurunzi," mwalimu akasema.

"Kama kurunzi," baba akasema.

Spika kubwa ilitoka kwenye redio mbovu ya mfanyabiashara mmoja wa Kasulu. Baba aliifungia ndani ya kasha la sabuni, akaziba nyufa kwa lami, akatia sufi ndani ili isilie kama debe. Spika ndogo, ile ambayo mafundi wa siku hizi wanaiita twita, aliitoa Mwalimu Shabani kwenye redio yake ya mkononi. Redio yenyewe ilikuwa imeharibika, sitaki kumpa sifa zaidi ya anazostahili, lakini angeweza kuiuza. Baba akaunganisha na kidude kidogo mfano wa pipi, cha kuzuia zile ngoma zisiende kwenye spika ndogo zikaipasua.

Ikabaki kazi ya mdomo. Wa kwanza ulikuwa faneli ya mafuta ya taa, ya bati. Sauti ikawa ya mtu anayegombana ndani ya pipa. Baba aliazima tarumbeta ya kanisa kwa katekista akaitazama siku nzima, akaipimapima kwa uzi. "Ona," aliniambia, "haifunguki kama faneli. Inafunguka polepole, halafu ghafla, kama ua la boga." Akaunda wa pili kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo, akaanika juani. Huo ulitoka mzuri sana. Mbuzi wa jirani aliula wote akabakiza waya. Jirani alikuja kuomba radhi, akasema lakini na sisi, nani anaanika chakula cha mbuzi halafu analalamika? Hakuwa na kosa.

"Kinachofaa ni kibuyu," baba alisema. "Chepesi, kigumu, ukikigonga hakirudishi kelele. Na ua la boga limo ndani yake tayari." Lakini vibuyu vya mwaka ule vilikuwa bado vibichi shambani, na kibuyu hukauka kwa miezi. Alipokuwa akisema hayo tulikuwa ndani. Niliona jicho lake likipanda ukutani, kwenye igisabo, likakaa pale kwa muda wa kumeza mate, kisha likashuka. Hakusema neno. Nathibitisha hilo mbele ya yeyote. Hakusema neno.

Kesho yake mama alikuwa shambani na baba amekwenda Kasulu kutafuta waya. Nilipanda juu ya kinu, nikakishusha igisabo. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nilitia alama kwa mkaa mahali tumbo linapokuwa pana zaidi, nikachukua msumeno wa chuma wa baba, nikakibana kibuyu kati ya magoti, nikaanza. Vumbi lake lilikuwa na harufu ya maziwa. Hilo lilinishangaza, maana maziwa hayakuwa yameingia mle tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nikijiambia maneno haya, nayakumbuka sawasawa: ninakurudishia, ninakurudishia. Kilipoachana kilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyeguswa akiwa usingizini.

Baba alirudi wa kwanza. Alizikuta nusu mbili juu ya kasha.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

Alivua kofia, akakaa chini palepale. "Basi tumekwisha," alisema. "Mimi na wewe."

Mama akaja na jembe begani na mzigo wa majani ya muhogo kichwani. Aliona. Alitua mzigo, akaichukua ile nusu ya chini, akaisogeza puani, akasimama hivyo. Mimi nasema hakulia. Perusi anasema alilia. Tumebishana miaka mingi na sina cha kumshindia, isipokuwa kwamba yeye alikuwa jikoni.

"Ni mimi," baba alimwambia kwa sauti nene, ili asikie. "Nilikitazama, mtoto akaniona."

"Kutazama si kukata," mama akasema, akaingia ndani.

Siku tatu alipika, akapakua, hakusema. Ya kwangu alinipakulia kama kawaida, hakunipunguzia hata tonge, na hilo ndilo lililoniumiza. Siku ya nne nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nilikaa karibu naye, nikatoa pamba sikioni, nikasema. Lakini nilisema kwa kunong'ona, kama watu wanavyotubu.

Alinitazama mdomo. "Mwana wanje, najua unasema kitu. Sema kama unaita ng'ombe."

Nikarudia.

"Kwa nguvu!"

Ndipo nikasimama nikapiga kelele uani, mchana kweupe, "Mimi ndiye niliyeiba masikio yako! Niliyachukua tumboni! Nilitaka kukurudishia!"

Kwa jirani mtwangio ulinyamaza. Mama alibaki na gunzi mkononi.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Shangazi!"

"Mimi?" Sauti ya shangazi ikatoka nyuma ya ua. "Yewe! Mimi? Lini?"

Mama akacheka. Sijui kama ni kwangu, au kwa shangazi, au kwa kuwa hicho ndicho kitu cha kwanza alichokisikia vizuri kwa wiki nyingi. Kisha akanivuta nikakaa mahindini.

"Ulipokuwa mchanga nilipata homa, nikawa siwajui watu. Wakanichoma sindano za kwinini, siku nyingi. Nilipopona masikio yakawa yanalia nyenje, wengi, kama msitu. Wanalia mpaka leo, hivi ninavyosema nawe. Hawakuniuliza kama nichague masikio au nichague kukulea. Wangeniuliza ningewajibu upesi." Akachukua gunzi jingine. "Kwa hiyo hukuiba kitu. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Lakini kibuyu ulikikata. Hilo ni kosa lako, sikuondolei."

Huko ndiko kulikuwa kusamehewa kwangu. Nimewahi kufikiri kulikuwa kudogo. Sasa naona kulikuwa kwa haki, na kwamba mtoto anayeambiwa hana kosa lolote hushindwa kuamini hata lile alilosamehewa.

Akainua sauti kumwelekea baba, aliyekuwa barazani akijifanya anapaka mnyororo grisi. "Darasa ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Nitakwenda. Kama kimekatwa, nikakisikie kinasema nini. Kisije kikawa kimekufa bure."

Siku hiyo baba alibeba kasha juu ya keria ya baiskeli, na mimi nilibeba nusu ya juu ya igisabo kwa mikono miwili. Shingo yake baba alikuwa ameikata pia kidogo, akaifunga kwenye spika ndogo kwa mpira wa tairi na solusheni. Ilipowekwa juu ya kasha, ikiwa imepanua mdomo kuelekea darasa, watu walivunjika mbavu.

"Fundi, leo redio inatoa maziwa?"

"Leteni vikombe!"

Mama alikaa palepale dawati la mwisho. Nilifikiri kicheko kile kitamtoa nje. Alikitazama kibuyu tu. Baba akakigeuza kidogo, kidogo, akapiga magoti na kukilenga kwa jicho moja kama mtu anayelenga kanga, mpaka mdomo wake ukaelekea usoni mwa mama. Mwalimu Shabani akafungua redio.

Sauti haikuwa kubwa sana, nisitie chumvi. Ila ilikuwa na makali, kila neno lilikuwa na kingo zake. Walikuwa mwanamume na mwanamke, wakizungumza habari za mayai: nani ayale nyumbani. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, mdomo wazi kidogo. Hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa dirishani, na sikuziba sikio lolote.

Mwanamume wa redio akafanya mzaha juu ya baba mmoja aliyekula mayai peke yake kichakani akakutwa na mkwewe. Watu wakacheka, na mama akacheka. Nilikuwa tayari kuhesabu. Sikupata nafasi ya kufika hata moja.

Sasa, nimejiuliza mara nyingi. Huenda aliona mabega tena. Huenda nilitaka sana. Mtoto anaweza kuisogeza saa kwa kutaka. Ningeacha shaka hiyo hapa kama si lililofuata njiani.

Lakini kwanza Mzee Lameki. Watu walipotoka, mama alimfuata mlangoni, akasimama mbele yake kwa adabu, mikono imeshikana.

"Baba, siku ya msiba wako nilicheka. Sikuja kukupa pole. Nilikuwa na aibu."

Mzee akamtazama. Alijua sasa aseme kwa nguvu, polepole. "Mama Perusi. Yule kuku alikuwa anachekesha kweli. Hata mimi ningecheka, ila nilikuwa nimefiwa."

Mama akafunika mdomo kwa kitenge, mzee naye akageuka haraka, na sikuona nyuso zao tena. Niliona magoti.

Njiani, baba akisukuma baiskeli, mama akasema tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Yule mwanamke wa redio ana mafua."

Baba akasimama. "Mafua?"

"Kila akimaliza kusema anavuta pua. Nyie hamkumsikia?"

Hatukumsikia. Sisi tuliokuwa na masikio tulikuwa tukisikiliza mayai. Somo lililofuata mwanamke alikuwa yule yule, baba alikaa na kibuyu kimeelekea kwake kabla hajakigeuza, na ni kweli: mwishoni mwa maneno, kitu kidogo, kama karatasi inayochanwa mbali. Baba alinitazama. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo kwa sababu ya mafua ya mwenzake.

Spika ile ilidumu misimu michache, mpaka mende walipoila karatasi ya spika ndogo. Mwalimu Shabani alihamishwa kabla ya hapo, na mama alimwandikia barua mwenyewe, ya mistari minne. Mwalimu alikuwa amewafundisha kuandika kila siku tarehe, hali ya hewa, na kile nyumba ilichokula jioni, ili waone kama wanakula vyakula vya kujenga mwili. Wenzake waliacha walipopata vyeti vya kisomo. Mama aliandika mpaka mkono ulipokataa, na siku hiyo alinipa mimi daftari, akasema niendelee, kwamba ni aibu mtu asijue mvua ya mwaka huu ilianza lini.

Nusu ya chini aliiwekea mbegu za maharage hadi ilipotoboka. Nusu ya juu baba aliibandua kwenye kasha, na mama akagundua jambo ambalo fundi mzima na mwalimu mzima hawakuliwaza: ukiiweka shingo sikioni, huhitaji redio. Akawa anakaa uani na kibuyu chake, anatuelekezea mdomo mmoja mmoja. "Rudia hilo," anasema. Tuliacha kumsengenya kabisa. Alikuwa akikitumia mpaka mwezi aliofariki, na ndiyo maana nilikataa kiti.

Jioni hii mvua imerudi. Tulikuwa watano, na niliyepika ni mimi. Neema alisema jambo, akiwa ameinamia sahani, watu wakacheka. Mimi nikacheka. Kisha nikaona wananitazama, maana wao walikuwa wamekwisha kunyamaza.

Nilinyanyuka nikaenda kukichukua. Nikaweka shingo sikioni, mdomo nikamwelekezea Neema.

"Rudia hilo," nikasema.

Akaona haya kidogo, kisha akarudia. Alikuwa amesema bibi ametusahaulia chumvi.

Ugali wa muhogo, sombe ya kisamvu kwa mawese, na dagaa wachache. Ni kweli, sombe haikuwa na chumvi.